Kurekebisha filta ya tangi la samaki nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Filta ya tangi la samaki ina sehemu mbili: pampu inayosogeza maji, na vile vitu ambamo maji yanapita. Karibu kila rekebisho lenye faida hufanyika kwenye sehemu hiyo ya pili. Ile ya kwanza, yenye umeme, iache kama ilivyotoka kiwandani. Majibu yote hapa chini yanafuata msimamo huo. Mwenye haraka aanze na swali la umeme, mengine atayarudia.

Filta yangu ni mpya na inafanya kazi. Kuna haja gani ya kuigusa?

Huenda hakuna. Kama maji ni maangavu, samaki wanakula vizuri, na vipimo vya amonia na nitraiti vinasoma sifuri, iache hivyo hivyo.

Haja hujitokeza pale mtengenezaji alipobana gharama, au alipotaka urudi dukani kila mara. Filta ndogo za kuning'iniza ukingoni mwa tangi ni mfano mzuri. Ndani yake kuna kifuko chembamba cha pamba chenye punje za mkaa, na maelekezo yanakuambia ukitupe kila mwezi, uweke kipya. Lakini bakteria wanaosafisha maji wamejenga makazi yao kwenye kifuko hicho hicho, na ukikitupa umewatupa nao. Halafu ukichungulia kile chumba cha filta, nusu yake ni tupu. Kipande cha sponji na mfuko wa wavu wenye vipande vya seramiki vinatosha kuijaza nafasi hiyo, na hapo utakuwa na filta bora kuliko ile uliyoinunua. Ila usikitoe kifuko cha zamani siku hiyo hiyo. Sababu yake iko kwenye swali la kuhamisha bakteria.

Hao bakteria wanafanya nini hasa?

Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua. Chakula kilichobaki na majani yanayooza huongeza nyingine. Amonia ni sumu. Kundi moja la vijidudu huigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki wengi huivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Vitabu vya zamani vilimpa bakteria aitwaye Nitrobacter sifa ya hatua ya pili, lakini utafiti wa mwanasayansi Timothy Hovanec na wenzake uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa katika matangi ya maji yasiyo na chumvi kazi hiyo inafanywa na jamaa wa bakteria wengine, Nitrospira. Mwaka 2015 watafiti wakatangaza kuwa baadhi ya Nitrospira huweza kufanya hatua zote mbili peke yao.

Kwa anayerekebisha filta, mambo mawili ndiyo ya kushika. La kwanza, bakteria hawa hawaelei majini kwa wingi. Wamejishika kwenye nyuso za vitu, kwa hiyo "maji ya zamani" hayabebi bakteria wa kutosha kuanzishia filta mpya. La pili, ni walaji wakubwa wa oksijeni: kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia wanayoigeuza hadi nitreti hutumia takriban gramu 4.6 za oksijeni. Filta iliyojaa seramiki ya bei mbaya lakini maji yanapita kwa kujikokota ni filta yenye njaa ya hewa.

Nina muda mchache. Nifanye rekebisho gani moja tu?

Visha mdomo wa kufyonzea maji sponji. Hakuna kitu kingine cha bei ndogo namna hii kinachosaidia kiasi hicho. Uchafu mkubwa unanaswa nje kabla haujaingia kwenye pampu, vifaranga wa samaki na uduvi hawafyonzwi, na sponji yenyewe inakuwa makazi mengine ya bakteria.

Tafuta kipande cha sponji ya matundu makubwa, yale ya takriban 20 hadi 30 kwa inchi. Ukishika kwenye mwanga uone yametengana vizuri. Tundu la katikati lazima liwe jembamba kidogo kuliko bomba, ili sponji ijishike yenyewe bila gundi wala kamba. Kuikata sponji ikiwa kavu na laini ni kazi ya kuudhi kwa sababu inakimbia kisu. Ilowanishe, iminye maji kidogo, iweke kwenye friza mpaka igande, kisha ikate kwa kisu chenye meno. Itakatika kama mkate. Usilitoboe tundu hadi upande wa pili. Acha sentimita mbili au tatu mwishoni ili maji yalazimike kupita ndani ya sponji.

Baada ya hapo angalia nguvu ya maji. Sponji ya nje hujaa haraka, hasa wiki za mwanzo. Isuuze kila unapobadilisha maji.

Sponji ya godoro au ya kuoshea vyombo inafaa?

Ya godoro na makochi mara nyingi imewekwa dawa za kupunguza moto au ukungu, na huwezi kuzijua kwa kuangalia. Ya vyombo inaweza kuwa na sabuni au dawa ya kuua vijidudu. Halafu zote mbili zina vitundu vidogo mno na huziba upesi. Nunua sponji ya filta. Kipande kimoja kikubwa unakikata mwenyewe, kinahudumia filta kadhaa, na kinadumu miaka.

Ndani ya filta nipange kitu gani kwanza?

Fuata njia ya maji. Sponji yenye matundu makubwa inayapokea maji kwanza, inafuata yenye matundu madogo au pamba, kisha seramiki au mawe ya bakteria. Kama unatumia mkaa, uweke mwisho. Makosa hutokea kwenye filta za mkebe uliofungwa, kwa sababu nyingi huingiza maji chini na kuyatoa juu. Mtu anapanga kuanzia juu akidhani ndiko maji yanakoanzia, na matope yote yanaishia kwenye seramiki. Kabla ya kupanga, jaza filta maji, tia tone la rangi ya chakula pale yanapoingilia, uone inakwenda wapi.

Je, mkaa wa kupikia unaweza kuchukua nafasi ya mkaa wa filta?

Hapana. Mkaa wa filta umechakatwa kwa joto kali ili kufungua vitundu vidogo sana ndani yake, na vitundu hivyo ndivyo vinavyonasa dawa, harufu na ile rangi ya chai inayotoka kwenye magogo. Wa kupikia hauna uwezo huo, na hujui umechomwa na nini.

Hata huo wa kweli hauhitajiki muda wote. Hauondoi amonia wala nitreti, na uwezo wake huisha baada ya wiki chache. Mimi huuona kama kifaa cha dharura: unautoa kabatini ukitaka kuondoa mabaki ya dawa baada ya kutibu samaki. Wakati wa matibabu yenyewe lazima uwe nje ya filta, la sivyo utanyonya dawa kabla samaki hawajapona. Zeolaiti, aina ya madini yenye vitundu, ni kitu kingine. Yenyewe hunasa amonia kwenye maji yasiyo na chumvi. Ukiweka chumvi tangini, huiachia tena.

Seramiki ni ghali. Naweza kutumia mawe au vipande vya plastiki?

Unaweza. Mawe ya volkano, mawe mepesi yenye vitundu, mirija ya plastiki iliyokatwa vipande vifupi, hata nyavu za plastiki za kusugulia sufuria, mradi hazina sabuni wala waya, zote hukaliwa na bakteria bila malalamiko. Jiwe usilolijua lidondoshee siki kwanza. Likitoa povu lina chokaa, na litapandisha pH (kipimo cha asidi ya maji: namba ikipanda, asidi imepungua) na ugumu wa maji. Kwa baadhi ya samaki hilo ni zuri, kwa wengine ni balaa.

Maoni yangu ni kwamba matangazo ya seramiki yenye "mita za mraba elfu kadhaa kwa lita" yametiwa chumvi. Vitundu vidogo sana hujazwa na utelezi na uchafu, na maji hayafiki ndani. Sponji safi yenye maji yanayopita vizuri hutosha kwa matangi mengi ya nyumbani.

Nitahamishaje bakteria kwenda kwenye filta mpya au niliyoirekebisha?

Hapa ndipo watu wengi huua samaki wao, na huwaua kwa usafi. Wanavua kila kitu, wanakiosha bombani mpaka king'ae, wanakipanga upya vizuri, na baada ya siku tatu samaki wako juu wakivuta hewa.

Maji ya bomba mara nyingi huwa na klorini, iliyowekwa hasa kuua vijidudu. Sponji na mawe ya filta yaminye kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Yatoke matope, yabaki na ukahawia wake. Ukahawia huo si kasoro.

Filta mpya iendeshe pamoja na ya zamani, kwenye tangi moja, kwa wiki 4 hadi 6. Kama hakuna nafasi ya filta mbili, hamisha sehemu ya vitu vya zamani viingie kwenye mpya: chana kile kifuko cha pamba, mwaga mkaa wake, kunja pamba uiweke kati ya sponji mpya na seramiki. Isiyozidi nusu ya vitu vya filta ndiyo ibadilishwe kwa mara moja. Wiki mbili zinazofuata lisha kidogo, na pima amonia na nitraiti kila baada ya siku mbili hivi. Chochote juu ya sifuri kinamaanisha badilisha maji sehemu, leo.

Uzito wa kipimo cha amonia unategemea pH. Kwenye nyuzi joto 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yote katika umbo lenye sumu kali. Kwenye pH 8 inakuwa karibu asilimia 5. Kwa hiyo namba ile ile isiyomtisha mwenye maji yenye asidi kidogo inaweza kumaliza samaki wa mwenye maji ya pH ya juu.

Nitajuaje kama maji yanapita kwa kasi ya kutosha?

Kanuni inayotumiwa na wengi ni maji yote ya tangi yapite kwenye filta mara 4 hadi 6 kwa saa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi usiitumie, maana hupimwa pampu ikiwa tupu, bila sponji na bila kupandisha maji juu. Pima mwenyewe: kinga maji yanayotoka kwa jagi la lita moja, hesabu sekunde, gawanya 3600 kwa sekunde hizo. Lita moja ikijaa kwa sekunde 9, unapata lita 400 kwa saa.

Andika namba hiyo kwenye kipande cha tepu ubandike kwenye filta siku ulipomaliza kuirekebisha. Ikishuka kwa theluthi moja, ni wakati wa kusafisha. Swali la "nisafishe kila baada ya wiki ngapi" linajibiwa hapo hapo.

Maji yanatoka kwa nguvu mno, samaki wangu wanasukumwa. Nifanyeje?

Usiizibe pampu upande wa kufyonza. Itakosa maji na kupata joto. Punguza nguvu upande wa kutokea. Kwa filta za kuning'iniza, kipande cha sponji kilichobanwa chini ya maporomoko kinatosha, na samaki aina ya Betta mwenye mapezi marefu atakushukuru.

Kwa filta zenye mpira wa kutolea, tengeneza bomba la matundu. Jumla ya ukubwa wa matundu yote ilingane na ukubwa wa mdomo wa bomba. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya kipenyo cha ndani cha bomba kwa kipenyo cha tundu, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Bomba la milimita 16 na keekee ya milimita 4 vinakupa 4, mara 4 ni matundu 16. Ukitoboa machache, maji yatatoka kwa kasi kama mishale na pampu itaelemewa. Ukizidisha sana, yatachuruzika kwenye matundu ya mwanzo tu. Piga mstari kwa kalamu ya risasi kabla ya kutoboa ili matundu yasiende zigizaga, ziba mwisho wa bomba kwa kifuniko chake, na sugua mabaki ya plastiki yasibaki ndani. Matundu yakielekea juu ya maji kidogo, unapata hewa pia.

Naweza kujitengenezea filta nzima kwa chupa ya plastiki?

Kwa kutumia pampu ya hewa, ndiyo, na ni mradi mzuri wa kuanzia kwa sababu umeme hauingii majini kabisa. Chukua chupa ya plastiki, toboa matundu mengi ubavuni karibu na chini, weka kokoto chache za kuizamisha, jaza sponji au mawe mepesi. Katikati simamisha bomba linaloanzia karibu na sakafu ya chupa na kutokeza juu kupitia mdomoni. Mpira mwembamba wa hewa uingie kwenye bomba hilo upande wa chini. Mapovu yakipanda hubeba maji, na maji mapya yanavutwa kupitia matundu na sponji kuziba pengo.

Bomba lenye urefu zaidi chini ya maji hubeba maji mengi zaidi, kwa hiyo usilikate fupi. Jiwe dogo la kutolea mapovu hupunguza kelele za kugugumia.

Pampu ya hewa iwe juu ya usawa wa maji. Kama haiwezekani, weka vali ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira. Pampu ikizimwa ikiwa chini, maji yanaweza kurudi kwa mpira huo mwembamba na kumwagika mpaka tangi lipungue.

Na filta ya ndoo iliyofungwa, nje ya tangi?

Siishauri. Mfuniko wa ndoo haukutengenezwa kuhimili msukumo wa maji usiku na mchana, na ukiachia, pampu haitajua. Itaendelea kulimwaga tangi sakafuni.

Ukitaka filta kubwa, jenga ya juu ya tangi. Pampu ndogo ndani ya tangi inapandisha maji kwenye boksi la plastiki, yanashuka kupitia sponji na mawe, na kurudi tangini kwa uzito wake. Weka bomba pana la akiba upande wa juu wa boksi, ili sponji ikiziba maji yapite hapo kurudi tangini badala ya kufurika ukingoni. Ukizima pampu, yaliyomo kwenye boksi hushuka, basi liachie tangi nafasi ya kuyapokea. Na boksi lililojaa ni zito: lita 15 za maji ni kilo 15 kabla hujahesabu mawe. Kioo cha ukingo peke yake kisibebe mzigo huo.

Wanaojenga tangi la chini, lenye maji yanayoshuka na pampu inayoyarudisha juu, wapige hesabu ya maji yatakayorudi umeme ukikatika. Tangi la sentimita 100 kwa 40, mdomo wa bomba la kurudishia ukiwa sentimita 3 chini ya uso wa maji, litashusha lita 12. Je, tangi la chini lina nafasi ya lita 12, pamoja na yale yanayobaki kwenye bomba la kushushia? Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia karibu kabisa na uso wa maji ili hewa iingie na kukata mvuto, na ulisafishe mara kwa mara kwa sababu mwani na konokono hulipenda. Usitegemee vali peke yake. Ukimaliza kujenga, chomoa plagi makusudi, mara kadhaa, uone maji yanaishia wapi.

Nitumie gundi gani?

Silikoni tupu isiyo na dawa ya ukungu, ile inayonuka siki inapokauka. Iache ikauke angalau siku mbili, zaidi kama umepaka nene, mpaka harufu iishe. Inashika vioo vizuri sana lakini haishiki plastiki laini za ndoo na chupa. Huko bana kwa nati za plastiki na mpira wa kuzibia. Mabomba ya PVC yana gundi yake. Gundi ya papo kwa papo ikishakauka ni salama kwa vipande vidogo.

Shaba na shaba nyeupe ziweke mbali. Shaba huua uduvi na konokono kwa kiwango kidogo sana, na chuma kilichopakwa zinki si bora. Kufungia tumia vibanio vya plastiki.

Niambie kuhusu umeme.

Chomoa plagi za vifaa vyote vya tangi kabla ya kuingiza mkono, siyo ya pampu tu. Hita iliyopasuka ni hatari hata kama unachorekebisha ni sponji. Kila waya ushuke chini ya kiwango cha soketi kisha upande kuingia, ili maji yanayotiririka kwenye waya yadondoke sakafuni kabla ya kuifikia. Soketi ya kuunganishia itundike ukutani au ubavuni mwa kabati, isilale chini. Na sakiti iwe na swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Kama nyumba haina, fundi umeme aiweke kabla hujanunua hata sponji.

Pampu ya kuzamishwa imezibwa kwa kumiminiwa gundi ngumu ndani. Usiifungue sehemu hiyo iliyozibwa, usikate waya wake ukaunga ndani ya maji, usiitoboe kuning'inizia. Ikiwa na ufa, itupe.

Pampu imeanza kuunguruma baada ya kurekebisha. Nimeiharibu?

Mara nyingi ni hewa iliyonaswa. Itikise taratibu ikiwa ndani ya maji mpaka mapovu yatoke. Ikiendelea, ichomoe, toa kile kipande chenye sumaku na mapanga, safisha utelezi kwenye kitundu chake kwa mswaki mdogo, na angalia kama kijiti cha katikati kimevunjika. Mawe mapya yasiyosuuzwa huacha mchanga unaokwaruza hapo.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi?

Filta iliyofungwa huishiwa oksijeni ndani ya saa chache, na bakteria huanza kufa. Umeme ukirudi baada ya kukatika muda mrefu, usiiwashe moja kwa moja. Ifungue, mwaga maji yaliyolala ndani, hasa yakinuka yai bovu, suuza vitu kwa maji ya tangi, kisha washa. Wakati wa kusubiri unaweza kutoa sponji na kuiacha ielee tangini. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni akiba nzuri.

Filta moja kubwa au mbili ndogo?

Mbili. Moja ikifa usiku, nyingine inaendelea, na unaweza kuzisafisha kwa zamu: hii wiki hii, ile baada ya wiki mbili au tatu.